Barua ya wazi kwa Waziri wa Habari: Sweta lililogeuzwa

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya habari,

Salaam kutoka Mwanza.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata hapa Ilemela, na mwaka huu ni mwalimu wa darasa wa Kidato cha Tatu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilifanywa hadharani.

Ipo video mtandaoni, dakika nne na kitu. Vijana kumi na mmoja waliokamatwa kwenye msako wamekalishwa chini karibu na mwalo wa Kirumba, juu ya mchanga uliochanganyika na vichwa vya dagaa. Kichwa cha habari kimeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: PANYA ROAD WA MWANZA HAWA HAPA, yaani magenge ya vijana wanaokaba na kupora watu mitaani. Mtangazaji anapita na maiki, mmoja baada ya mwingine. Hawaulizi wanaitwa nani. Anauliza, "Wewe unavuta nini?" Akifika kwa wa tatu kutoka kushoto anasimama. Kijana huyu amevaa sweta la shule, lakini amelivaa kwa kuligeuza, nembo ikabaki ndani. Mtangazaji anamgeukia mpiga picha: "Mnaona? Huyu anaficha shule yake. Wanatumia sare kujificha." Kamera inasogea mpaka sura yote inajaa kioo.

Huyo ni mwanafunzi wangu. Ana miaka 16.

Mimi nilitumiwa video hiyo usiku na mwalimu mwenzangu. Nataka niseme ukweli wote, Mheshimiwa, kwa sababu bila ukweli huu barua yangu haina maana: nilipomtambua, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa "kumbe". Mtoto niliyemfundisha miaka miwili, anayekuja na daftari la insha hata siku ambayo sijalidai, na bado kichwa kimoja cha habari kilinitosha kusema "kumbe". Sijasahau.

Kesho yake nilikwenda kwao. Mama yake huuza dagaa pale mwaloni, na kijana akitoka shule humsaidia kubeba magunia hadi kwenye magari ya mizigo. Sweta analo moja tu. Harufu ya dagaa ikishika kitambaa haitoki kwa kufua mara moja, na darasani wenzake walishawahi kumcheka, kwa hiyo mama alimfundisha: kabla ya kubeba, ligeuze, uchafu ukae ndani, asubuhi ulivae safi. Mama hajawahi kuiona video. Simu yake ni kitochi. Aliambiwa na mteja, akaniuliza kama ni kweli mwanawe amesema anavuta. Nikamjibu kwamba hakusema neno lolote. "Sasa Mwalimu," akaniambia, "kama hakusema kitu, wamejuaje?"

Kijana aliachiwa jioni ile ile, kabla ya saa mbili usiku, pamoja na wenzake tisa. Hakufunguliwa shauri. Chombo kilichorusha video hakikurudi kulisema hilo, na video ipo hadi leo.

Sikatai kwamba uhalifu upo. Jirani yangu alikabwa alfajiri akienda kupanda daladala, wakamchukulia simu na nauli. Anayekaba ashikwe na ashtakiwe. Ninachozungumzia ni jina ambalo mtu mwingine amemchagulia mtoto na kulitangaza kwa watu elfu sitini, mtoto mwenyewe akiwa bado hajamaliza kujua yeye ni nani.

Huku Kanda ya Ziwa jina ni jambo kubwa. Mtoto huitwa kwa namna alivyokuja duniani: aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula au Kabula, mapacha ni Kulwa na Doto, anayewafuata mapacha ni Shija. Mwanafunzi wangu alizaliwa wakati wa mvua na jina lake linasema hivyo. Tangu wiki ile hakuna anayelitumia. Uwanjani anaitwa Panya. Mwenye duka anayemkopesha mama yake sukari alimwambia asiingie ndani, asubiri nje aletewe. Wiki ya pili akaja shuleni amenyoa kiduku, mtoto ambaye hajawahi kuandikwa kwenye kitabu cha mwalimu wa nidhamu. Nilimwita pembeni. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo Mwalimu," kisha akasema bila hasira: "Mwalimu, si wote wameshaiona sura yangu? Nikinyoa vizuri ndo itabadilika nini?"

Nimelifikiria swali hilo kuliko swali lolote nililoulizwa darasani.

Jina lenyewe la panya road lina safari yake. Lilikulia Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Januari 2015, jioni moja, uvumi kwamba panya road wanakuja ulitosha kufanya watu wafunge maduka na kukimbia kurudi majumbani katika mitaa mingi ya jiji. Mwaka 2022 jina likarudi kwa nguvu, safari hii kukiwa na mauaji na majeruhi wa kweli. Likawa neno jepesi, na neno jepesi halihitaji nauli: limefika Mwanza, na linawekwa juu ya kundi lolote la wavulana watano wenye ndala waliosimama pamoja jioni.

Wenzetu wa mbali walishalipitia. Pasaka ya 1964, katika mji wa Clacton ulioko pwani ya Uingereza, makundi ya vijana yaligombana na kuvunja vitu kadhaa. Magazeti yaliandika kana kwamba mji umevamiwa. Mwanasosholojia Stanley Cohen alilifuatilia jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1972 akachapisha aliyoyakuta: madhara yalikuwa madogo kuliko habari zilivyosema, habari zikawafanya polisi na mahakimu kuwa wakali zaidi, na vijana ambao mwanzo hawakuwa na upande wakaanza kuvaa na kujigawa kwa majina yale yale waliyoyasoma gazetini. Niliposoma sehemu hiyo ya mwisho nilikumbuka kiduku cha mwanafunzi wangu.

Wasichana nao wana lao. Sikiliza vipindi vya asubuhi vya redio, Mheshimiwa, siku yoyote mada ikiwa mimba za utotoni. Kabla hata simu ya kwanza haijapokelewa, mtangazaji ameshasema tamaa, ameshasema chipsi mayai, ameshasema lifti za bodaboda. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni moja kwa moja, na mimi nimewahi kuyafuta majina ya namna hiyo kwenye daftari la mahudhurio. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanaweza kurudi. Darasani kwangu yupo mmoja aliyerudi. Ana mtoto, anaamka saa kumi usiku, na hesabu anaziweza kuliko wavulana wengi. Aliwahi kuniuliza kwa nini redio huwa inawauliza wao kuhusu chipsi, lakini hajasikia hata siku moja mtangazaji akimuuliza yule aliyenunua chipsi. Nilikosa jibu la kumpa.

Na kuna hili la "watoto wa elfu mbili", yaani waliozaliwa kuanzia mwaka 2000. Linasemwa na kila mtu, hata sisi walimu ofisini: wa elfu mbili hawana adabu, hawasomi, wanataka vya bure. Wachekeshaji wamepata chakula humo. Katika maigizo ya televisheni kijana wa umri huu huwa ameiba, au amepata mimba, au anamjibu mzazi vibaya. Akionekana anasoma, basi ni mtoto wa tajiri. Kwa sensa ya 2022 mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 3.6, na sehemu kubwa yao ni watoto na vijana. Asubuhi utawaona wakivuka na vivuko wakielekea shule. Utawaona kwenye soko la Makoroboi wakiuza nguo za wazazi wao siku za Jumamosi, na kwenye vibanda wakifungua simu na kuzifunga tena bila kupoteza skrubu moja. Watu hawa hawana nafasi katika habari mpaka wakalishwe chini.

Wiki tatu baada ya video ile nililipatia darasa insha yenye kichwa "Mimi". Wanafunzi 58. Nilitegemea mambo ya kawaida: napenda mpira, nataka kuwa daktari. Nilipoanza kusahihisha nikakuta insha 19 zimeanza kwa kukanusha. "Mimi si mhuni." "Mimi siyo kama wasichana wa siku hizi." "Mimi nimezaliwa elfu mbili na tisa lakini nina adabu." Angalia hiyo "lakini", Mheshimiwa. Mtoto ameulizwa yeye ni nani, naye anaanza kwa kujitetea mbele ya mashtaka ambayo mimi sikuyaandika ubaoni. Nimefundisha insha kwa miaka 14 na sikumbuki kuona kitu hicho kwa wingi namna ile. Huo umri ndio wa kujaribu majina, kuyavaa na kuyavua. Mtoto anajiona mwanamuziki leo, kesho ni mchungaji, keshokutwa fundi. Ukimpigilia jina moja kwa msumari, hayo mengine anayaacha bila kuyajaribu.

Mwanafunzi wangu alirudisha karatasi ikiwa na jina lake na tarehe tu.

Sasa ninaloomba. Sheria tunazo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na shauri lake mahakamani husikilizwa faragha. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unataka mtoto anayetuhumiwa ahesabiwe hana hatia hadi ithibitike, na faragha yake iheshimiwe katika hatua zote. Hatua zote, maana yake ni pamoja na pale kwenye mchanga. Inakuwaje mtoto aliyefikishwa kwa hakimu afichwe, na yule ambaye hata hakushtakiwa aonyeshwe sura, sare na mtaa wake?

Televisheni za mtandaoni zinafanya kazi kwa leseni, chini ya kanuni za maudhui za 2020. Naomba liwe sharti la leseni, lililoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na mwenye kamera ya simu, kwamba sura, sauti na sare ya mtoto havionyeshwi katika habari za kukamatwa, hata kama msako umewaalika waandishi. Na kwa zile ambazo zimeshatoka, mtoto akiachiwa bila shtaka, video iondolewe, na chombo kitangaze kwamba ameachiwa kwa herufi zile zile kubwa zilizotumika kumtangaza kuwa mhalifu. Hili la pili ndilo ninalolishikilia zaidi. Masahihisho ya mistari miwili chini kabisa hayamfikii mwenye duka.

Njia ya kulalamika nayo iangaliwe. Naambiwa ipo Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kwa sheria ya 2022 ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mama mwenye kitochi anazifikiaje? Naomba mzazi aweze kulalamika akiwa kwenye ofisi ya kata, kwa mdomo, ofisa ustawi wa jamii amwandikie, na apewe namba ya shauri lake siku hiyo hiyo.

Waandishi wenyewe sina ugomvi nao. Mwanza ni mji uliofundisha waandishi wengi. Pale Nyegezi wamekuwa wakisomeshwa tangu kabla mimi sijazaliwa, na baadhi ya wanafunzi wangu wa zamani wamepitia hapo. Mmoja wao aliniambia kwamba video yenye sura za wavulana na neno panya road inaangaliwa mara kumi ya habari ya vijana waliotengeneza kitu, na anayelipwa kwa watazamaji hawezi kusahau hilo mwisho wa mwezi ukikaribia. Namwamini. Ndiyo maana barua hii nimekuletea wewe badala yake.

Kijana ameanza kurudi darasani. Anakaa dawati la nyuma, karibu na dirisha, na sweta sasa halivai kabisa, hata asubuhi za upepo wa ziwa. Kiungo cha video sikukiweka hapa, wala jina la chombo, wala la shule, kwa sababu nisingependa mtu mmoja zaidi aende kuitazama. Ninavyo vyote kwenye bahasha, pamoja na barua ya mama yenye alama ya dole gumba. Naomba ofisi yako iniambie niikabidhi kwa nani hapa mkoani, nami nitaipeleka siku hiyo hiyo baada ya vipindi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa darasa, Kidato cha Tatu
Ilemela, Mwanza