Kabla bebe hajaifikia mbabula

Liège

Mdogo wangu mpendwa,

Jambo sana, na pole kwa usiku wa kulala nusu. Picha ya bebe akijiinua kwa mikono juu ya mkeka imenifurahisha, na pia imenipa haraka ya kukuandikia. Miezi saba, na tumbo limeanza kuachana na sakafu: baada ya wiki chache atatambaa, na kabla ya kutimiza mwaka atasimama kwa kushika viti. Nyumba itengenezwe sasa, wakati bado anakaa pale ulipomweka.

Uliniomba vifuniko vya prizi (soketi za umeme), kufuli za makabati na mipira ya kona za meza. Vifuniko nimeviweka kwenye kifurushi, vitaingia vizuri kwa sababu prizi za huko ni aina ileile ya hapa Ubelgiji. Kufuli na mipira sikununua. Pesa yake nimemtumia shemeji, aipeleke kwa seremala. Vitu hivyo vimefikiriwa kwa nyumba ambayo moto uko juu ya jiko la umeme na maji yamefungiwa ndani ya bomba. Kwetu Keshero, hapo Goma, moto uko chini, maji yako chini kwenye beseni na bidoni (madumu), na petroli imo ndani ya chupa ya soda nyuma ya mlango. Bebe naye atakuwa chini hukohuko. Kwa hiyo kila kitu cha hatari ama kiwekwe juu, ama kiwekewe kizuizi cha mbao. Kumwangalia tu hakutoshi, hata kwa mama mwenye macho makali kama wewe, kwa maana kuvuta sufuria ni kazi ya sekunde moja, na wakati huo mikono yako imo kwenye bugali.

Nianze na mbabula, jiko letu la makaa, kwa kuwa hofu yangu kubwa iko hapo. Makaa yenyewe yanaunguza, lakini kinachounguza watoto wadogo zaidi ni maji, chai, uji na mafuta ya kukaangia samaki wadogo wa sambaza. Kwenye mwinuko wetu wa karibu mita 1,500 maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba: hata maji ya digrii 60 yanamuunguza vibaya ndani ya sekunde chache. Kikombe cha chai kinaweza kumbabua hata robo saa baada ya kumiminwa. Sasa angalia meza ya salon: fupi, ina kitambaa cha krosheti kinachoning'inia, na juu yake kuna termosi. Mtoto akitaka kusimama atashika kitambaa. Kiondoe leo, Mama atanisamehe. Kitarudi bebe akifika miaka mitatu. Termosi ikae juu ya kabati, na mtu anayekunywa chai asimpakate mtoto kwa wakati huohuo, hata kama ni mgeni wa heshima.

Bafuni, ndoo ya maji ya moto isiwekwe sakafuni kusubiri ya baridi. Tia ya baridi kwanza kwenye beseni, ongeza ya moto kidogo kidogo, koroga, pima kwa kiwiko, halafu ndipo umlete mtoto. Akiletwa kwanza, atakaa karibu na ndoo ambayo bado inafuka.

Akiungua, licha ya tahadhari zote: mvue nguo na kila kinachobana, isipokuwa kilichoganda kwenye ngozi, kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida kwa dakika 20 kamili. Ishirini ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Kama maji ni ya bidoni, yamwage polepole kwa kikombe na uyakinge kwenye beseni safi chini yake ili uyatumie tena. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, maana Goma ni baridi na mtoto mdogo anapoteza joto upesi. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala barafu. Vinashika joto au vinaharibu ngozi, na daktari atalazimika kuvisugua. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitali.

Kazi ya seremala ni hii. Mwambie atengeneze kizimba cha kuchezea, cha kumweka bebe wakati unapika, unachota maji au unaenda chooni. Kufungia mbabula ndani ya kizuizi ni vigumu kwa sababu inahamahama kutoka uani hadi barazani mvua ikinyesha. Mtoto ndiye awe na mahali pake. Pande nne, kila moja yenye nafasi ya sentimita 120 kati ya nguzo za kona, na kimo cha sentimita 70. Fito zote zisimame wima. Akiweka hata moja ya kulala katikati, amemtengenezea mtoto ngazi. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kupita mahali ambapo kichwa kitakwama. Kwa fito za unene wa sentimita 2.5, kila upande unataka fito 14, na nafasi itatoka karibu sentimita 5.7. Jumla ni fito 56. Seremala atakuambia 12 kwa upande zinatosha ili kuokoa mbao. Ukimkubalia, nafasi inakuwa karibu sentimita 7, na hapo ndipo hatari inapoingia. Mwombe akate kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 6, nawe ukipitishe kati ya fito zote. Kikipita kwa urahisi popote, kazi irudiwe.

Fito ziingie kwenye matundu yaliyotobolewa kwenye boriti ya juu na ya chini, zisipigiliwe misumari kutoka pembeni. Msumari unalegea kila mtoto anapotikisa, na mwisho kichwa chake kinatokeza usawa wa mdomo. Kona zishikwe kwa bulo (bolti), nati zikae nje, ili mweze kukifungua na kukiegemeza ukutani usiku. Mbao zipigwe randa na msasa mpaka mkono wako ukipita usichomwe. Rangi msipake: mtoto anayeota meno atatafuna ile boriti ya juu, na rangi nyingine za madukani zina madini ya risasi, ambayo inadhuru ubongo. Mafuta ya kupikia yanatosha. Ndani tandika mkeka na blanketi iliyokunjwa, maana sakafu yetu juu ya mawe ya volkano haina huruma kwa magoti. Usiweke mto wala ndoo ya kukanyagia, na usifunge kamba ya mwanasesere yenye urefu kuzidi sentimita 20. Siku atakapoanza kurusha mguu juu ya boriti, kizimba kimemaliza kazi yake.

Kipimo hichohicho cha sentimita 6 ni cha geti la ngazi za baraza. Geti lifungwe kwa bawaba na skrubu kwenye nguzo, lifunguke kuelekea barazani na si juu ya ngazi. Yale ya kubana kwa shinikizo, ambayo huku yanauzwa bei rahisi, hayafai kabisa juu ya ngazi. Akiliegemea linang'oka na wanaanguka pamoja.

Maji. Mtoto wa umri huo ana kichwa kizito ukilinganisha na kiwiliwili chake. Akiinamia ndoo anatumbukia kichwa mbele na hana nguvu za kujirudisha. Sentimita chache za maji, za kufunika pua na mdomo, zinamtosha kuzama, na anazama kimya, bila kupiga kelele za kukuita. Beseni la kufulia likimaliza kazi limwagwe na kupinduliwa saa ileile. Najua maji ya sabuni mnayaweka kwa ajili ya kusafishia choo. Yatieni kwenye bidoni yenye kizibo. Pipa la maji ya mvua liwe na mfuniko wa mbao wenye komeo, maana bati lililowekewa jiwe juu linasukumika.

Petroli, javel (maji ya kung'arishia nguo), soda kostiki ya sabuni ya shangazi na dawa ya panya viende kwenye sanduku lenye kufuli, lililotundikwa ukutani zaidi ya mita moja na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja ana kimo cha sentimita 75 hivi, ukiongeza mkono ulionyooshwa anafika karibu mita moja, na akijifunza kusukuma kiti anafika mbali kuliko hapo. Hakuna kitu cha namna hiyo kukaa ndani ya chupa ya kinywaji, hata kwa siku moja. Akinywa petroli, usimtapishe na usimpe maziwa wala mawese, ingawa majirani watakuletea. Petroli tumboni ina madhara madogo kuliko petroli kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoipeleka huko. Javel na soda vilevile: vimeunguza koo wakati wa kushuka, vitaliunguza tena wakati wa kupanda. Futa mdomo, mvue nguo zilizolowa, chukua chupa yenyewe na uende nayo hospitali.

Sandukuni humo weka na dawa zote, hasa vile vidonge vya feri (madini ya chuma) ulivyopewa CPN, kliniki ya wajawazito. Vinafanana na bonbon (pipi), na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kuhusu hewa, mambo mawili. Usiku wa baridi, mbabula isiingizwe chumbani, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Gesi ya makaa haina harufu. Mtu aliyelala haamki. La pili ni mazuku. Upande wetu wa magharibi wa mji, kuelekea Mugunga, gesi nzito ya volkano inajikusanya kwenye mabonde na mashimo ya mawe, hasa usiku na alfajiri kabla jua na upepo havijaitawanya. Inakaa chini, na mtoto anapumua chini. Wewe uliyesimama huenda usisikie lolote huku yeye ameshalegea. Lile shimo nyuma ya lupango (kiwanja chetu), mahali ambapo mara nyingine mnaokota mijusi waliokufa, lizungushieni uzio sasa, wa kimo cha mtu mzima. Msilipime kwa mshumaa: moto unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari ni mbaya kwa mtoto. Na mtu akianguka humo, wa pili asishuke kumfuata.

Umeme hauhitaji maneno mengi. Vifuniko viko kwenye kifurushi. Kila kimoja ukivute kwa kucha, na kama kinatoka kwa urahisi kitupe, kwa sababu kitaishia mdomoni. Ila hatari kubwa ni ralonje (waya wa kurefushia umeme) iliyolala sakafuni na waya zilizochomekwa bila plagi. Ralonje ipande ukutani. Shemeji akimwita fundi, aulize disjonkta diferansieli ya miliamperi 30. Inakata umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu, jambo ambalo disjonkta ya kawaida haifanyi.

Kabati la salon na televisheni vifungwe ukutani. Akivuta droo na kuikanyaga, kabati lote linamfuata. Nyumba yetu ni ya mbao, na ubao wa ukuta peke yake haushiki kitu. Gongeni mpaka msikie nguzo ya ndani, kisha mfunge kona mbili za chuma kwa skrubu za sentimita 5 zinazoingia kwenye nguzo hiyo. Mnakumbuka ardhi ilivyotikisika baada ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021. Kona hizohizo zitasaidia na siku kama zile.

Vitu vidogo: chukua bomba la karatasi la katikati ya karatasi ya choo. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba. Karanga nzima, mahindi ya kukaanga, vifuniko vya kalamu, sarafu za Rwanda ambazo Baba anarudi nazo kutoka Gisenyi. Kibaya kuliko vyote ni betri ndogo za duara, za rimoti na taa za kuchezea. Ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili, hata ikiwa imechoka. Kifuniko chake kifungwe kwa skrubu, au kifaa kitoke nyumbani. Ukihisi amemeza, nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye radio (mashine ya eksirei), usimtapishe wala usimlishe. Akishapita mwaka mmoja unaweza kumpa vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10 njiani, visizidi mara sita. Kabla ya mwaka, asali kamwe.

Akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, piga mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Bado? Mgeuze, bonyeza katikati ya kifua mara 5 kwa kisigino cha kiganja kimoja, halafu rudia. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Hili alijue kila anayebaki naye, pamoja na msichana wa kazi.

Usiku alale chali, godoro gumu, bila mto, chandarua kikiwa kimechomekwa pande zote. Mshumaa usiwashwe chumba chenye chandarua. Nimekutumia taa mbili za sola.

Nitumie kwa WhatsApp upana wa ngazi za baraza, juu na chini, kwa sababu nguzo ya kushoto nakumbuka imeinama, na picha ya kizimba kabla hujamlipa seremala sehemu ya mwisho. Weka rula kati ya fito wakati wa kupiga picha. Wasalimie Mama na Baba, na shangazi umwambie habari ya soda kostiki kwa upole.

Dada yako mkubwa