Kabla Mama hajachanwa tena

Mpendwa Zawadi,

Mpe Mama shikamoo yangu. Majibu yake ya biopsi, yaani kile kipande cha msuli kilichokatwa kupimwa, nimeyasoma, na swali lako kama kuna haja ya kumkata msuli mara ya pili nalijibu kama mtu anayeshinda kwenye hadubini. Uamuzi ni wenu na daktari wake.

Majibu yanasema "mchochota wa misuli", basi. Walitumia himatoksilini na eosini, rangi zinazofanya viini vya seli kuwa buluu na nyuzi za msuli kuwa waridi. Hata mimi huanza nazo. Zinaonyesha kwamba seli za kinga zimeuvamia msuli, ila hazisemi ni seli gani. Limfosaiti B na limfosaiti za CD8, aina mbili tofauti za seli hizo za kinga, hapo zote ni vidoa vya buluu, huwezi kuzitofautisha.

Ndiyo maana tunatumia kingamwili. Kila moja huteuliwa kushika protini fulani, kisha kimeng'enya huacha rangi ya kahawia pale iliposhika. Mimi hutangulia kutazama protini iitwayo MHC daraja la 1. Katika msuli wenye afya kahawia hukaa kwenye kapilari, vile vishipa vidogo vya damu, tu. Penye mayositisi, yaani huo mchochota wa misuli, kila uzi unaweza kuzungukwa na mstari wa kahawia. Hata hivyo baadhi ya magonjwa ya kurithi, kama lile la upungufu wa protini ya disferlini, huweza kuonyesha mstari huohuo, kwa hiyo siutegemei peke yake. Dematomayositisi, aina inayogusa na ngozi, hujulisha kwa protini ya MxA kwenye nyuzi zilizosinyaa pembeni mwa fungu la nyuzi. Nyuzi zilizokufa zikitapakaa huku na huku na limfosaiti zikiwa chache, tunataka damu ipimwe kingamwili dhidi ya SRP na HMGCR, ambazo ni protini za mwili wenyewe, na tunauliza kama mgonjwa alitumia statini, dawa za kushusha kolesteroli.

Lakini Zawadi, mimi nimekwama kwenye vidole. Unasema Mama hawezi kukunja vidole akashika ufunguo, mapaja yamepungua, haya yote yamemwanza baada ya miaka 60, na prednisoloni, ile dawa ya steroidi, haijamsaidia. Hapo lazima mtu aulize kuhusu aina nyingine ya mayositisi, inklusheni bodi mayositisi. Wagonjwa wengi wa aina hii huandikiwa kwanza kuwa wana polimayositisi, aina nyingine tena. Chini ya hadubini utaziona seli za CD8 zimeuzingira uzi ambao bado uko hai, nyingine zimeshajipenyeza ndani yake. Kingamwili ya protini ya p62 hutoa madonge ya kahawia ndani ya nyuzi, na rangi iitwayo trikromu ya Gomori huonyesha vitundu vyenye ukingo mwekundu. Nayasisitiza haya kwa sababu ugonjwa huu kwa kawaida hausikii steroidi, na steroidi zenyewe hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na hupunguza misuli. Inaniuma kufikiria Mama anazimeza bure. Hata hivyo asiziache ghafla; daktari ndiye azipunguze taratibu.

Sasa, kabla ya kisu, ulizeni kama bloku ya nta, ile iliyofungiwa kipande cha msuli wa Mama, bado ipo maabara. Mara nyingi huhifadhiwa kwa miaka. Ikiwepo, MHC, CD8, p62 na MxA vinaweza kufanyika humohumo, na huenda Mama asichanwe kabisa. Kisichowezekana ni kupima vimeng'enya vya msuli viitwavyo COX na SDH, maana formalini, dawa ya kuhifadhia kipande, huviua. Hivyo vinahitaji msuli uliogandishwa haraka ndani ya kimiminika cha isopenteni kilichopozwa kwa nitrojeni kimiminika. Ukigandishwa polepole, chembe za barafu hutoboa nyuzi na sisi tunabaki kusoma matundu.

Na ikilazimu kurudia, msikubali wachukue kwenye msuli uliokwisha kabisa, watapata mafuta na makovu tu, wala pale ilipochomwa sindano ya kupima umeme wa misuli hivi karibuni. Wachague ulio dhaifu lakini bado una nyama.

Niandikie wakishakujibu kuhusu bloku. Daktari wao akitaka tuzitazame slaidi pamoja, nipo tayari wakati wowote.

Rafiki yako,
Neema