Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliitaka kamati ieleze kwa nini ilikataa akiba ya chama igawanywe, ilhali tuliobaki hatutoshi hata kuunda timu moja ya raga. Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi naomba niwarejeshe kwenye klabu ya raga ya Calcutta, mji wa India, ambayo historia yake tuliijadili mwaka huu.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1872, Waingereza 20 walipambana mjini humo na wenzao 20 wa Scotland, Ireland na Wales. Mchezo ulinoga, ukarudiwa wiki iliyofuata, na Januari 1873 klabu ikaundwa, ikawa na wanachama 137 kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 1874 ilijiunga na chama cha raga cha Uingereza.

Baadhi yenu mlisema, kwa kicheko, kwamba kilichoiua klabu hiyo ni kufutwa kwa vinywaji vya bure. Ni kweli kwamba baa ilipoanza kutoza fedha wanachama walipungua, na joto la Bengal liliwavuta wengine kwenye tenisi na polo. Hata hivyo, mimi naona pigo kubwa lilikuwa kuondoka kwa kikosi cha jeshi la Uingereza kilichokuwa na kambi pale, kwa sababu klabu inayotegemea askari huishi kwa amri isiyotoka kwake. Sisi tuliocheza kambini tunalijua jambo hili: barua tatu za uhamisho zikifika Jumatatu, Jumamosi hakuna skramu, ule msukumano wa wachezaji wa timu mbili.

Mwishoni mwa mwaka 1877 G. A. James Rothney, aliyekuwa nahodha, katibu na mweka hazina kwa pamoja (kazi ambazo kwetu zina watu watatu na bado zinachelewa), aliuandikia uongozi wa raga jijini London kuutolea fedha zilizobaki. Rupia za fedha zilitolewa benki, zikayeyushwa, na mafundi wa India wakafua kombe lenye kimo cha sentimita 45 hivi, vishikio vyake vitatu vikiwa nyoka aina ya kobra, na juu ya kifuniko amesimama tembo. Uingereza na Scotland zililipigania kwa mara ya kwanza Machi 10, 1879 mjini Edinburgh, zikatoka sare, na hadi leo zinalishindania kila mwaka. Kombe la asili limechakaa, hasa baada ya wachezaji kulipondaponda barabarani Edinburgh mwaka 1988 katika shamrashamra za usiku.

Kwa hiyo kamati inapendekeza akiba yetu yote inunue kombe la kushindaniwa kila mwaka na timu za vijana wa shule zilizo karibu na kambi yetu ya zamani. Mapendekezo ya umbo lake yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu, ambapo hoja hii itapigiwa kura.

Mwenyekiti