YAH: Malalamiko kuhusu matengenezo ya kompyuta yangu, ThinkPad 701C

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Wiki tatu zilizopita niliwaletea kompyuta hii kwa kazi moja tu: kutoa betri ndogo ya akiba iliyoanza kuvuja ndani, na kusafisha palipochafuka. Juu ya kifuniko nilibandika karatasi: "Usifunge kwa nguvu. Usipake chochote kwenye kasha." Nilichoomba hakikufanyika. Nilivyokataza vimefanyika vyote viwili.

Nianze na kibodi, maana ndiyo inayoniuma zaidi. IBM waliitoa 701C mwaka 1995. Kasha lake halifiki inchi 10 kwa upana, lakini kibodi ikikunjuka ina inchi 11.5. Mhandisi John Karidis aliigawa vipande viwili vinavyoteleza: ukiinua kifuniko vinasogea, vinakutana na kuchomoza nje ya kasha kulia na kushoto, ukikishusha vinarudi ndani. Ndiyo maana watu wakaiita Kipepeo. Mwendo wote huo unaendeshwa na kifuniko chenyewe, hivyo kikikwama, fundi anayeijua kazi huacha kwanza akatafuta kilichokwamisha. Fundi wenu alisukuma. Sasa nikiifungua, vipande vinaishia njiani na kubaki mwanya ninaoweza kupitisha kidole, na nikiiinamisha nasikia kitu kidogo kilichovunjika kikigongagonga ndani.

Kasha nalo lilikuwa na tabaka la mpira mweusi, ambalo kwenye mashine hizi huanza kunata likizeeka. Nililijua hilo na nilishaamua liachwe hivyo hivyo. Limesuguliwa kwa thina, limebanduka mabakamabaka, na harufu bado haijatoka.

Ankara yenu inasema "betri imebadilishwa", na nimeilipa. Nilipofungua mwenyewe niliikuta betri ile ile, na alama ya kalamu niliyoitia kabla ya kuileta. Ule uchafu wa kijani umetambaa zaidi kwenye bodi kuu. Kibodi inaweza kupata kipuri kutoka mashine nyingine iliyokufa. Bodi ikishaliwa njia zake za shaba, ni shida kubwa kuirudisha, na kila siku iliyokaa kwenu bila kuguswa iliendelea kuliwa.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu aliniambia, "Mama, hiyo ni ya zamani, nunua mpya tu." Sikuwauliza umri wake. Hesabu za wateja wangu wa kwanza niliziandika kwenye kibodi hiyo, nikiwa na kompyuta magotini, na vidole vikipata nafasi kama niko mezani ofisini. Kama hamzijui mashine za aina hii mngenieleza siku ya kwanza, ningeondoka nayo ikiwa nzima.

Naomba mnirudishie malipo yote, pamoja na kila kipande kilichotolewa ndani, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele. Gharama ya fundi mwingine nitakayemchagua mimi iwe juu yenu. Nipeni majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, yakieleza nani aliandika kwamba betri imebadilishwa.

Mkitaka kuikagua, mtumeni mtu aje kwangu. Ataitazama mezani pangu, nikiwepo, na kifuniko nitakifungua mimi.

Wenu,
Mteja