Ami anataka nimwandike mwanawe yatima, naye yu hai

Ndugu mshauri na wasomaji, assalaamu alaykum.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasoma Unguja, kwetu Wete. Ni kiongozi katika shirikisho la taifa la wanafunzi wa vyuo vikuu, upande wa mikopo na ustawi. Cheo kinasikika kikubwa, hasa kule nyumbani, maana mama aliniona kwenye televisheni nimekaa safu ya nyuma ya waziri na siku ya pili mtaa mzima ukajua kuwa mwanawe ni mtu wa serikali. Mshahara hakuna. Ipo nauli ya daladala, tena si kila mara, na soda ya kikaoni.

Kazi yenyewe ni karatasi za watu. Nikitoka kusali alfajiri simu imeshajaa: huyu bumu lake, pesa ya mkopo ya kujikimu, halijaingia na mwenye nyumba kule Tunguu kashamtolea begi nje, yule ameandikiwa kuwa taarifa zake hazijakamilika na hajui ni zipi. Swali langu la kwanza huwa ni moja: mwenzangu, mkopo wako wa bodi gani? Sisi Wazanzibari tuna milango miwili, bodi ya Muungano ya sheria ya 2004 na bodi yetu ya Zanzibar ya 2011, na huwezi kula kote kuwili. Utashangaa wangapi hawajui wamebisha hodi wapi.

Lakini kinachotutesa kupita vyote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamisi, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Juzi nilikaa na msichana mmoja wa kaskazini mwa Pemba tukilinganisha herufi kwa herufi cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake. Kimoja kimeruka jina la babu, kingine kimeliweka mwanzo. Baba amekufa kweli, kaburi lipo, lakini karatasi zinambishia. Tukaenda kutafuta hati ya kiapo. Kazi hii naipenda, nisiwafiche, ila inachosha.

Sasa linalonifanya niandike. Wamejitokeza wafadhili wanaotaka kuwalipia ada wanafunzi wachache waliokosa mkopo, na wamesema mayatima watangulie. Majina yanakusanywa na shirikisho, na mkaguzi wa vyeti ni mimi. Orodha haitoki bila ya sahihi yangu.

Habari ilipofika Pemba, ami akapanda boti. Alikuja na bahasha ya kaki, ndani mna karatasi za mwanawe na barua ya sheha yenye mhuri: kijana huyu amefiwa na baba, analelewa na bibi yake mzee. Niliisoma huku marehemu mwenyewe amekaa mbele yangu anachovya andazi kwenye chai. Akaniuliza kama mhuri unasomeka vizuri. Nikamwambia cheti cha kifo hakimo. Akasema, "Si wewe unayekagua?"

Ndugu mshauri, angekuwa ami tajiri hata nisingekusumbua. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, na ami ndiye aliyenivika sare na kunisomesha skuli mpaka kidato cha sita kwa karafuu zake. Msimu ukifika tulikaa usiku kwenye jamvi tukichambua karafuu na makonyo, vidole vinanata, na yeye hakubali mtoto yeyote aingie ndani kabla pakacha halijaisha, isipokuwa mimi nikiwa na mtihani. Mwaka huu mikarafuu yake haikuzaa, na unajua mkarafuu ukikugomea hauna wa kumshitakia. Kijana amefaulu vizuri, na mkopo ameukosa kwa hayohayo ya majina: mpaka vyeti vyake vinahakikiwa, dirisha limeshafungwa. Kwa hiyo shida ni ya kweli. Uongo ni karatasi.

Nilimwambia nitamwandika kama alivyo, baba yupo na kipato hakuna. Akacheka. Akasema wenye baba watawekwa mwisho wa foleni, na wallahi hapo kasema kweli. Kisha akatoa neno ambalo mpaka leo sijapata jibu lake: "Mimi nimemlea yatima miaka yote hiyo bila ya barua ya sheha. Leo wangu akiitwa yatima siku moja, kosa liko wapi?"

Tangu aondoke mama hanipi nafasi kwenye simu. Ananiambia nisimtie aibu kwa shemeji yake. Mwenzangu mmoja katika uongozi ananiona mshamba, ati kila mtu ana wake anayempitisha. Nimewaza nimkabidhi naibu wangu faili lile, lakini naibu ni mtu wa Chake na anaujua ukoo wetu. Atalipitisha kwa kunihishimu, halafu mimi nitajidai sikushika kalamu. Na nafasi ni chache. Akiingia mtoto wa ami kuna mtu atatoka, na nikiitazama ile orodha naona kabisa kuwa anaweza kuwa yule msichana wa vyeti.

Kwa hiyo siulizi nitie sahihi au nisitie. Sitatia. Ninachouliza ni namna ya kumwambia. Niende mwenyewe Wete, au nimtangulize shangazi, dada yake mkubwa, ambaye ndiye peke yake anayeweza kumwambia ami "nyamaza" akanyamaza? Nachelea akija kusikia kwa dada kabla ya kusikia kwangu ataona nimemshitaki.

Na kuna jambo jengine limenizidishia mtihani. Kijana mwenyewe ameniandikia kwa siri. Anasema barua ile haitaki, anaona kama anamtabiria baba yake. Anataka afanye kazi hoteli moja ya Paje, arekebishe majina yake kwa utulivu na mwakani aombe mkopo upya. Ameniomba nisimwambie baba. Maneno hayo ndiyo yangenisaidia kuliko yote, na ndiyo niliyokatazwa kuyasema. Nikiyatoa, nimemwokoa au nimemgombanisha na mzee wake? Nikiyaficha, ami atabaki akijua kuwa mimi peke yangu ndiye niliyemfungia mwanawe mlango.

Orodha inafungwa wiki ijayo. Naomba jibu mapema, hasa kwa wale waliowahi kumkatalia mtu aliyewalea wakabaki wanaingia nyumbani kwake.

Wenu,
Mtoto wa kaka yake, Unguja