Treni imefika Dodoma, Gairo je?

Ndugu Mhariri,

Tangu Julai 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, safari iliyokuwa ikimaliza mchana kutwa ndani ya basi imekuwa ya takribani saa nne, na sisi wakazi wa Dodoma ambao shughuli hutupeleka Dar mara kwa mara hatuna sababu ya kuilalamikia. Katika shangwe zote hizo, hata hivyo, sijasikia mtu akiulizia habari za Dumila, Gairo na Kibaigwa.

Reli ikishatoka Morogoro huiacha barabara kuu na kushika njia ya Kilosa na Gulwe, kama ilivyofanya reli ya zamani, hivyo miji hiyo imepoteza abiria wa basi bila kupata stesheni. Biashara yake ilisimama juu ya jambo moja tu: basi lilikuwa halina budi kusimama. Abiria walishuka kuchimba dawa, dereva akanywa chai, na katika dakika hizo chache mwenye ndoo za viazi vitamu pale Gairo akapata ada ya shule ya mtoto. Wala si treni peke yake, kwani ruhusa ya mabasi kusafiri usiku, iliyorejeshwa mwaka 2023, nayo huwapitisha watu Gairo wakiwa wanakoroma.

Kibaigwa nadhani itastahimili, maana soko lake la mahindi huwategemea wakulima na wanunuzi wa nafaka. Wasiwasi wangu uko Gairo. Barabarani wamebaki zaidi madereva wa malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, ambao hulazimika kulala njiani, na anayelala hula chakula cha jioni, huoga na hunywa chai asubuhi. Mteja wa namna hiyo tumemwachia aegeshe gizani kando ya lami, akilinda mafuta yake mwenyewe. Halmashauri iliyozoea kutoza ushuru vibandani ingetenga eneo la maegesho lenye taa, vyoo, maji na mlinzi, kisha ikawapa mama lishe nafasi ya kwanza humo kabla ya wenye mitaji mikubwa.

Naandika sasa kwa sababu ujenzi wa reli unaelekea Mwanza kupitia Tabora na Isaka, ilhali barabara inapita Singida, Shelui, Igunga na Nzega. Halmashauri za huko bado zina muda wa kupanga. Shirika la Reli nalo litueleze mapema ni nafasi ngapi katika stesheni ya Manyoni zitatengewa wauza kuku, asali na mafuta ya alizeti kutoka Singida, na kwa kodi ya kiasi gani.

Msomaji wenu,
Dodoma