Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Kurudia Vitabu vya Shule

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha kusoma vitabu inanitaka nitoe taarifa ya kazi za mwaka mzima. Habari za ada na matumizi mweka hazina atazisoma mwenyewe, na kwa jinsi ninavyomfahamu hatapenda nimtangulie. Mimi nitasema habari ya vitabu.

Mtakumbuka mkutano uliopita tulivutana sana juu ya pendekezo la kusoma upya riwaya ambazo wengi wetu tulizisoma shuleni. Waliopinga walikuwa na hoja: tumeshazifanyia mtihani, dhamira na wahusika tunavijua kwa kichwa, tunarudi kutafuta nini? Pendekezo lilipita kwa shida. Sasa mwaka umekwisha, na mimi niliyekuwa upande wa waliounga mkono naomba niringe kidogo. Tulichokariri enzi zile kilikuwa majibu ya tahakiki. Vitabu vyenyewe wengi wetu tulikuwa hatujavisoma.

Kilichotutikisa zaidi ni Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alikichapisha 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, halafu baadaye kikaja kufundishwa humo humo. Sisi wa Mwanza kinatuhusu kwa karibu, maana Ukerewe ni ng'ambo tu ya maji, na mwenzetu mzaliwa wa kisiwani ndiye aliyetusomea kwa sauti mahali Zakaria anapompiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukumbi ulinyamaza. Shuleni swali hili lilikuwa na jibu moja, malezi mabaya, alama zako unachukua unaondoka. Safari hii mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alisimama akamtetea Zakaria: baba ana mabinti, dunia imeharibika, afanyeje? Dada mmoja wa safu ya nyuma akamjibu, "Mzee shikamoo, lakini huyo baba anayelinda heshima ya binti yake, mbona pombe ndiyo inayomlinda yeye?" Kicheko kilichukua muda kwisha. Mzee naye alicheka, ila hakurudi nyuma, akaomba tusome pale mwishoni Rosa na baba yake wanaposhitakiana mbele ya Mungu. Tukasoma. Kikao kilichopangwa kuisha saa kumi na moja kilifungwa na mlinzi aliyekuja kudai funguo.

Maoni yangu, kwa kuwa kalamu ninayo mimi: Zakaria ana lawama kubwa, lakini Kezilahabi hakumfanya Rosa kuwa mtoto wa kuonewa tu. Tulipokuwa kidato cha tatu hilo lilitupita.

Tulijaribu pia Nagona, ya Kezilahabi huyo huyo, ya 1990. Kitabu chembamba, na ndicho kilichotushinda. Waliokipenda walikipenda sana. Waliobaki walikuja kikaoni kunywa chai.

Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ilikuwa na bahati tofauti. Karama yuko kizimbani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, Majivuno anamshitaki, na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mema, wakaishia kifungoni. Nilisikia manung'uniko kwamba hadithi za wajumbe zinafanana, ukisoma ya Buruhani na ya Fadhili umeshasoma zote. Kuna ukweli. Lakini hebu zingatieni kwamba mtu aliandika haya tukiwa bado chini ya Mwingereza, na yeye mwenyewe akiwa karani wa serikali hiyo hiyo. Ukilishika hilo, kule kurudiarudia hakuchoshi tena, kunauma.

Kwa kupumzika tulisoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Bwana Msa, mpelelezi wa humo, na kiko chake bado anapendeza, hana haraka na mtu. Vijana waliokimaliza usiku mmoja wanajijua.

Kitabu kimoja tu hakikuwa cha shule: Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kwa Kiingereza kilitoka 1994, lakini tuseme kweli, wengi wetu jina la Gurnah tulilisikia alipopata Nobeli 2021. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anakabidhiwa kwa tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, na Khalil, kijana wa duka la Aziz, anamfahamisha mapema kwamba huyo anayemwita ami si ami yake. Baadaye Yusuf anaingia bara na msafara. Hapo ndipo mjadala ulipochacha. Wafanyabiashara wa pwani wanawatazama watu wa bara kama washenzi, na humu ukumbini tuliokaa ni Wasukuma, Wakerewe, Wajita na Wahaya. Mwenzetu mmoja alisema alijikuta anamwonea huruma Yusuf huku akimshangilia Chatu, yule mtawala wa bara aliyewanyang'anya mali zao. Nimeandika maneno yake kwenye daftari la chama, maana mimi nilisoma kitabu kizima nikiwa upande wa msafara na wala sikushituka.

Upatikanaji wa nakala uliendelea kuwa tatizo. Duka moja lilituuzia vitabu vyenye kurasa zilizojirudia na nyingine hazimo, na kubadilishiwa ikawa kazi. Kamati imeamua kuanzia sasa tufungue kila nakala dukani kabla ya kulipa. Kuhusu kutoa fotokopi ya vitabu ambavyo bado vinauzwa, msimamo ni ule ule: hapana. Kama bei inakubana, mwone katibu, uazime ya chama.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Kuli na Vuta n'Kuvute, zote za Adam Shafi, tuzisome kwa kufuatana. Kuna waliotaka tuendelee na Kezilahabi kwa Dunia Uwanja wa Fujo. Tutapiga kura baada ya taarifa ya mweka hazina. Wenye nakala za Peponi za chama, tafadhali zirudisheni mezani kwa katibu kabla ya chakula, zipo tatu ambazo hazijaonekana.